Boti ya Mtu Mmoja: Kutoka Kamenge Hadi Mstari wa Kuanzia

Ukitoka Kamenge, mtaa wa Bujumbura, ukapanda kidogo upande wa milimani, asubuhi isiyo na ukungu, Ziwa Tanganyika unaliona limelala chini yako, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Vijana wengi wa mtaa huu wamekua wakilitazama hivyo kwa mbali, na maji yake wameyagusa mara chache tu. Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kulishukia ziwa hilo, akae peke yake katika boti nyembamba, ashike makasia mawili, na siku moja asimame kwa niaba ya Burundi kwenye michezo mikubwa ya kimataifa. Nimeuandika nikimfikiria mwanaume, kwa kuwa mbio ninazozieleza ni za wanaume. Dada yake akiuchukua, hatabadilisha hata hatua moja.

Nguvu si tatizo la Kamenge. Kinachowakwamisha vijana wetu ni mambo matatu: hawajui kuogelea, hawana saa za kutosha majini, na makaratasi yao hayako sawa. Nimeyapanga kwa mfuatano huo kwa sababu asiyepita la kwanza hafai kuruhusiwa kwenda la pili.

Kwa nini mtu mmoja, makasia mawili

Timu ya watu wanane inahitaji wanane walio sawa kwa uwezo, boti ndefu ya bei kubwa na gari la kuibeba. Boti ya mtu mmoja inakuhitaji wewe tu. Ndiyo maana nchi zisizo na historia ndefu ya makasia huingilia mlango huu. Kenya iliupitia kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa Matthew Lidaywa Mwange. Uganda iliupitia kwa Kathleen Noble, aliyeshindana Tokyo na kisha Paris 2024. Privel Hinkati aliipeleka Benin Tokyo katika mbio hizi hizi za wanaume.

Halafu kuna Hamadou Djibo Issaka wa Niger, na kisa chake nataka ukishike vizuri. Alifika London 2012 kwa nafasi ya mwaliko akiwa na umri wa miaka 35 na mafunzo ya miezi mitatu hivi ya makasia. Niger haina bahari. Alikuwa mwogeleaji, akapelekwa Misri kuonja makasia, kisha Tunisia kujifua. Katika kila mbio alifika nyuma ya wenzake wote, mbali sana, na watazamaji wakasimama kumshangilia hadi alipovuka mstari. Mwenye kumcheka hajawahi kukaa katika boti ile.

Noble naye alianza kama mwogeleaji wa Uganda. Oliver Zeidler wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki wa mbio hizi mwaka 2024, alikuwa mwogeleaji wa mashindano kabla ya kushika makasia mwaka 2016. Watu watatu wa viwango vitatu tofauti kabisa, na wote waliingia kwa mlango wa maji. Kwa hiyo nasi tunaanzia hapo.

Kwanza: ogelea

Boti ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 hivi, na pale unapokaa ni nyembamba kuliko mabega yako. Kinachoizuia isipinduke ni makasia mawili yaliyotandazwa juu ya maji kama mikono ya mtu anayetembea juu ya ukuta. Ukiachia mpini mmoja, umo ndani ya maji. Kila mpiga makasia duniani amepinduka, na wewe utapinduka, pengine mara tano katika wiki yako ya kwanza. Mtu anayeogopa maji huikaza mikono na mabega, na boti huihisi hofu hiyo kabla yake. Kuogelea kunakulinda usife, na pia kunakulegeza mwili, na mwili uliolegea ndio unaojifunza.

Usijifunzie ziwani peke yako. Tafuta bwawa na mwalimu. Mjini kuna mabwawa, likiwemo la Entente Sportive. Uliza saa ambazo bei iko chini, na mwende wanne au watano ili mgawane malipo ya mwalimu. Kituo cha Vijana Kamenge, kilichopata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002 kwa kuwaleta pamoja vijana wa makabila yote wakati wa vita, ni mahali pazuri pa kutafutia hao wenzako wanne.

Usiguse boti kabla hujaweza haya yote, mbele ya mtu anayekuhesabia:

1. Kuelea chali dakika 3 bila kupiga maji.
2. Kuogelea mita 200 bila kusimama wala kushika ukingo, kwa mtindo wowote.
3. Kukaa wima kwenye kina usikofikia chini kwa dakika 10.
4. Kuogelea mita 50 ukiwa na kaptula na fulana.
5. Kupita chini ya kamba au ubao unaoelea na kuibuka upande wa pili ukiwa umetulia.

Namba 5 watu huidharau. Boti ikipinduka, mara nyingine unajikuta chini yake na miguu bado imo kwenye viatu vilivyofungwa katika boti. Aliyezoea kufumbua macho chini ya maji hujitoa kwa sekunde mbili.

Pili: jenga mwili kabla boti haijapatikana

Wengi hufikiri makasia ni kazi ya mikono. Si kweli. Kiti kinateleza juu ya reli ndogo, miguu imefungwa kwenye ubao, na nguvu kubwa hutoka mapajani. Mgongo huipokea na mikono huimalizia. Ndiyo maana wapiga makasia wazuri wana mapaja kama ya waendesha baiskeli.

Hapa Kamenge ina neema yake. Siporo ya Jumamosi asubuhi, ile ya kukimbia kwa kundi mkiimba na kupiga makofi, ni mazoezi halali kabisa ya pumzi, na ile hali ya kushika mdundo mmoja na wenzako utaihitaji baadaye. Milima iko mlangoni. Mpango wa wiki kwa asiye na boti wala mashine:

- Jumatatu, Jumatano na Jumamosi: kimbia au endesha baiskeli dakika 60 kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima.
- Jumanne na Ijumaa: kuchuchumaa na kusimama, mara 20 kwa seti 5, kuvuta mwili juu ya boriti hadi uchoke, seti 4, kulala kifudifudi juu ya viwiko na kukaza tumbo, dakika 1 kwa seti 5.
- Alhamisi: panda mlima kwa kasi dakika 4, shuka polepole, rudia mara 5.
- Jumapili: pumzika kwelikweli.

> ONYO. Barabara ya kupanda Bugarama ni shule nzuri ya mapaja, lakini usithubutu kushika nyuma ya lori likuvute. Sote tunajua wanaofanya hivyo na sote tumeona ajali zake. Mazoezi ni kupanda kwa miguu yako mwenyewe. Ukivutwa hujafanya mazoezi, na roho umeiweka rehani.

Kama jimu yoyote uliyo karibu nayo ina mashine ya makasia, iheshimu kama ungeheshimu boti. Zeidler alianzia juu ya mashine. Usiivute kwa papara. Kaa kwenye mivuto 18 hadi 20 kwa dakika, nusu saa nzima, na uandike daftarini umbali uliofika. Baada ya wiki 8 jipime kwa mita 2000. Wanaume wa kiwango cha juu kabisa duniani huzimaliza chini ya dakika 6. Ukipata 8 hujashindwa, hapo ndipo wengi huanzia. Andika namba yako na tarehe. Daftari hilo ndilo litakalokuombea mbele ya kocha au shirikisho, maana ukiambiwa "tuonyeshe", utaonyesha.

Chakula hakitaki fahari. Ndagala na maharage vina protini ya kukujenga. Ugali, viazi vitamu na ndizi ndio mafuta ya injini. Kosa la vijana wengi ni kufanya mazoezi na njaa asubuhi, kisha kula mlo mmoja mkubwa jioni. Kula kidogo kabla, na kula tena ndani ya saa moja baada ya kumaliza. Kunywa maji safi kabla kiu haijakushika. Joto la Bujumbura linakausha mwili kimyakimya.

Tatu: chagua boti inayolifaa ziwa letu

Katika jambo hili nina msimamo. Kijana wa Bujumbura asianze na boti nyembamba ya mashindano. Boti ile imetengenezwa kwa ajili ya maji yaliyotulia kama kioo, kwenye mifereji iliyochimbwa kwa kusudi hilo. Kanuni zinataka isipungue kilo 14 tu, uzito wa mtoto mdogo. Tanganyika lina mawimbi, na upepo wa mchana hulifanya lichachamae kama bahari. Boti nyembamba ikipata mawimbi ya ubavuni hujaa maji na kuzama hadi ukingoni.

Anza na boti pana: ile ya makasia ya pwani, ambayo kwa mtu mmoja haizidi mita 6 kwa urefu na haipungui kilo 35. Inaelea kama bata, na maji yakiingia yanatoka yenyewe kwa nyuma. Ukikosa, anza na boti yoyote pana ya mbao inayoweza kufungwa vishikio vya makasia pande mbili. Fundi anayetengeneza mitumbwi ya wavuvi anaweza kukusaidia. Mkono hujifunza kazi ileile.

Kuna sababu nyingine, na hii ni habari njema kwetu. Makasia ya pwani sasa yana medali zake. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 mbio za ufukweni zinaingia kwa mara ya kwanza, na mbio za mtu mmoja zimo. Wawili wanasimama mchangani, wanakimbilia boti zao, wanapiga makasia mita 250 wakipinda katikati ya maboya, wanageuka, wanarudi mita 250 moja kwa moja, wanaruka nje na kukimbia hadi mwisho. Anayeshindwa anatoka. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa kuanza tarehe 31 Oktoba 2026, imechagua makasia ya aina hiyo. Mbio hizi hazihitaji mfereji. Zinahitaji ufuo, mawimbi na mtu anayejua kukimbia, na vyote vitatu tunavyo.

Usinunue boti mpya ya mashindano kwa pesa ya ukoo. Bei yake ni maelfu ya dola, na makosa yako ya mwanzo yataiharibu ndani ya mwezi. Boti za maendeleo hupitia mashirikisho ya taifa, si kwa mtu binafsi.

Nne: ziwa lina wenyewe

Jua la Bujumbura huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Maji hutulia alfajiri, kabla upepo haujaamka. Lakini viboko nao hurudi majini alfajiri baada ya kula nchi kavu usiku, na huondoka tena jioni. Kwa hiyo usiingie ziwani gizani, hata kama maji yanakuita. Subiri mwanga kamili. Ingia saa 12 na nusu, toka kabla ya saa 3.

Kanuni zisizo na mjadala:

1. Kaa mbali na mlango wa mto Rusizi, na mahali popote penye matete. Mamba na viboko wapo. Hadithi za Gustave, yule mamba mkubwa, iwe unaziamini au huziamini, zilitokea upande huo.
2. Waulize wavuvi kila asubuhi kabla ya kuingia. Mzee aliyetoka majini saa ile anajua kiboko yuko wapi kuliko mtu mwingine yeyote. Msalimie kwanza, keti kidogo, kisha uulize.
3. Usiingie peke yako. Mtu mmoja awe ufukweni akikutazama, mwenye simu, na ikiwezekana mtumbwi wenye injini uwe karibu.
4. Vaa jaketi la kuokolea hadi kocha wako aseme vingine. Mashindanoni hawavai, lakini kule kuna boti za uokoaji kila kona.
5. Piga makasia sambamba na ufuo, usizidi mita 100 kutoka nchi kavu. Mpaka na Kongo unapita ndani ya ziwa na haukuchorwa kwa rangi. Ripoti kwa mamlaka za bandari na wanajeshi wa maji, waijue boti yako kwa rangi, na tembea na kitambulisho ndani ya mfuko usiopenya maji.
6. Ngurumo ya kwanza, toka. Msimu wa mvua mawingu huja kwa kasi kutoka milimani.
7. Usinywe maji ya ziwa, hata ya kusukutua. Kipindupindu kimerudi mara nyingi kwenye ukanda huu. Kando penye majani yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Jikaushe mara tu utokapo, na ukiona damu kwenye mkojo nenda hospitali bila kuona aibu, dawa ipo.

> UKIPINDUKA
> 1. Vuta kamba ya viatu, toa miguu.
> 2. Ibuka, shika boti. Usiiache boti kamwe ukaamua kuogelea hadi ufukweni, hata kama unaona ni karibu. Boti inaelea, wewe unachoka.
> 3. Igeuze, kusanya mipini yote miwili mkono mmoja, makasia yakiwa yamekingama na boti.
> 4. Jiinue kwa tumbo juu ya boti, geuka, kaa, kisha rudisha miguu.
> 5. Ukishindwa mara mbili, lala juu ya boti, punga mkono, piga maji kwa mikono hadi nchi kavu.
>
> Jifunze hivi kwenye maji ya kifua siku ya kwanza kabisa, mara 10, kabla hujajifunza kupiga kasia hata moja.

Kufika ziwani ni safari. Siku mafuta yanapokosekana, na tumeziona nyingi, basi halitabiriki. Baiskeli inafaa, lakini kumbuka kwamba mwaka 2022 baiskeli za kubeba abiria, pikipiki na bajaji zilizuiwa katikati ya mji. Uliza njia inayoruhusiwa kabla hujaipanga ratiba yako.

Tano: mvuto mmoja, kisha elfu

Mvuvi wetu ana kafi moja na anatazama anakokwenda. Wewe utakuwa umeupa mgongo mwelekeo wako. Ukitoka ufuoni kuelekea ziwani, macho yako yanautazama mji na milima nyuma yake. Hilo ni msaada: chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, mnazi wa karibu na nyumba ya mbali juu ya kilima, na uhakikishe havitengani. Vikitengana, umepinda. Na kila baada ya mivuto 5, geuza kichwa utazame nyuma ya bega. Kila baada ya mivuto 5. Ajali nyingi za makasia ni za mtu aliyesahau kugeuka.

Mvuto una sehemu nne:

1. Kushika maji. Magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, mapanga ya makasia yanazama taratibu kwa uzito wake. Usiyapige majini kama unachapa nyoka.
2. Kusukuma. Miguu kwanza. Mikono bado imenyooka kama kamba. Miguu ikikaribia kunyooka, mgongo unafunguka. Mwisho kabisa mikono inavuta hadi chini ya kifua.
3. Kutoa. Bonyeza mipini chini kidogo ili mapanga yatoke, kisha uyalaze.
4. Kurudi. Kinyume chake: mikono, mgongo, kisha magoti. Rudi polepole, mara mbili ya muda uliosukuma.

Mipini hupishana katikati, basi mkono wa kushoto upite juu kidogo na mbele ya wa kulia. Utajikata vidole mwanzoni, ni kawaida.

Sehemu ya nne ndiyo inayomtenga fundi na mwanafunzi. Boti hukimbia wakati wewe unarudi, kama ngoma inavyoendelea kulia baada ya fimbo kuinuka. Mwanafunzi akiharakisha kurudi, uzito wake unaigonga boti na kuisimamisha. Mwambie mwenzako wa ufukweni akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, dakika 2 kila siku. Utajifunza zaidi kwa video hiyo kuliko kwa maneno yangu.

Makosa ninayoyaona sana: kukunja mikono mapema; kushika mpini kwa ngumi hadi vidole vinakufa ganzi; kuzamisha panga kwa kina hadi linanaswa na mpini unakupiga tumboni; na kutaka kasi kabla ya usawa. Miezi 3 ya kwanza usizidi mivuto 22 kwa dakika. Mashindanoni watu hufika 32 hadi 38, lakini hayo yana siku yake.

Sita: makaratasi

Hakuna mtu anayejiandikisha mwenyewe Olimpiki au kwenye Michezo ya Afrika. Jina lako hupelekwa na shirikisho la mchezo na kamati ya olimpiki ya nchi yako. Burundi imekuwa Olimpiki tangu Atlanta 1996, pale Venuste Niyongabo alipoleta dhahabu ya mita 5000, na imewapeleka waogeleaji pia. Mlango upo. Nenda ofisi ya kamati ya olimpiki na maswali matatu yaliyoandikwa: nani anasimamia makasia nchini, mashindano yajayo ya Afrika ni lini na wapi, na nafasi za mwaliko zinaombwaje. Peleka daftari lako la mazoezi.

Nafasi ya Olimpiki kwa kawaida hutafutwa kwenye mashindano ya mchujo ya bara. Kwa Afrika yalifanyika Tunis mwaka 2015, 2019 na 2023, kila mara Oktoba, miezi mingi kabla ya Olimpiki yenyewe. Noble alipita hapo. Anayeanza kujiandaa mwaka wa Olimpiki amechelewa. Michezo ya Afrika ya 2019 nchini Morocco nayo ilikuwa na makasia, lakini orodha ya michezo hubadilika kila awamu, basi uliza mapema.

Orodha ya kukagua, sasa hivi, kabla hata hujaitwa:

☐ Cheti cha kuzaliwa, tarehe ikiwa sawa na kitambulisho. Madaraja ya vijana huhesabiwa kwa mwaka: wa chini ya miaka 19 hubaki hapo hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 18.
☐ Jina limeandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwenye kila karatasi.
☐ Pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele yake.
☐ Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
☐ Barua ya daktari ya moyo na mapafu.
☐ Uthibitisho wa kujua kuogelea.
☐ Orodha ya kila dawa unayotumia, pamoja na ya mitishamba.

Hiyo ya mwisho isikupite. Dawa za mafua, unga wa kunenepesha misuli na chupa zisizo na lebo zimewafungia watu wengi wasio na hatia. Usimeze kitu kabla hujamwonyesha daktari anayeijua orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni. Ukipimwa, "sikujua" haikuokoi.

Saba: siku yenyewe

Mbio za kawaida ni mita 2000, njia 6, moja kwa moja. Los Angeles 2028 zitakuwa mita 1500, kwa sababu uwanja wa Long Beach hauruhusu zaidi. Hadi Paris 2024 aliyeshindwa mchujo wa kwanza alipata mbio za nafasi ya pili; uliza kanuni za mashindano yako kabla hujafungasha mizigo. Baada ya hapo fainali hupangwa kwa herufi, na wa mwisho naye ana fainali yake ya kupigania.

Kagua boti mwenyewe: mpira mweupe wa kinga puani, viatu vinavyofunguka kwa mvuto mmoja, visigino visivyoinuka zaidi ya sentimita 7. Fika kwenye mstari dakika 2 kabla; anayechelewa hupewa kadi ya njano. Mtu aliyelala kifudifudi juu ya gati dogo atashika mkia wa boti yako. Mwamuzi ataita kila nchi, atasema neno la tahadhari, taa itakuwa nyekundu, kisha kijani. Ondoka kwenye kijani, usibahatishe. Kuanza kabla ya wakati mara mbili ni kuondolewa.

Mivuto 3 ya kwanza iwe mifupi, kisha irefushe. Mita 500 za mwanzo kila mtu anajisikia simba. Wazimu wa hapo hulipwa mita 1200. Piga mpango huu: mita 500 za kwanza kali lakini zenye pumzi, mita 1000 za kati kwa mvuto mrefu usiobadilika, mita 500 za mwisho toa kilichobaki. Rekodi ya dunia ni dakika 6 na sekunde 30.74, ya Robbie Manson wa New Zealand huko Poznań mwaka 2017. Usiishindanie. Shindania namba iliyo kwenye daftari lako.

Usiache kuvuta kabla ya king'ora. Rio 2016 Mahé Drysdale na Damir Martin walimaliza wote kwa dakika 6 na sekunde 41.34, na picha ya ncha za boti ndiyo iliyompa Drysdale dhahabu. Ukishavuka, usitoke kwenye njia yako kwanza. Kama mtu alikuingilia, inua mkono pale pale ulipo umtazame mwamuzi, ungoje akusikilize. Akiinua bendera nyeupe, mbio zimekubaliwa na huwezi kulalamika tena. Pumua, kunywa maji, kisha peleka boti mizanini ukiambiwa ipimwe.